Je, Wajua? Waya wa Fedha na Chumvi Iliyojificha Ndani ya Bluu

Je, wajua kwamba shaba ya Katanga inahitaji chumvi, ila chumvi ya kupimwa kwa miligramu?

Sisi wa Lubumbashi tumezoea kuiona shaba ikiwa imekwisha kuwa shaba: mabamba mekundu yaliyofungwa mafungu, yamepangwa juu ya malori yanayoelekea Kasumbalesa. Kabla ya hapo kila bamba lilining'inia siku kadhaa ndani ya beseni la maji ya bluu. Maji hayo ni tindikali ya salfuri iliyoyeyusha shaba. Katika lita moja huwa mna gramu 35 hadi 50 za shaba na gramu 150 au zaidi za tindikali, na umeme unapita humo usiku na mchana, ukiivuta shaba kutoka majini na kuibandika juu ya kathodi. Ndivyo kazi ilivyofanyika Shituru, kule Likasi, tangu 1929. Ndivyo ilivyofanyika Luilu, Kolwezi, tangu 1960, na ndivyo ilivyokuja kufanyika hata ukingoni mwa mji wetu, upande wa Ruashi.

Ndani ya bluu hiyo mna kitu ambacho hakuna jicho linalokiona: kloridi, ile sehemu ya chumvi ya mezani inayobaki ukiondoa sodiamu. Viwanda vingi hupenda iwe karibu miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Kwa kiasi hicho shaba hukaa juu ya kathodi ikiwa imeshikamana vizuri, bila vinundu. Ikipungua, uso wa bamba hukwaruza. Ikizidi, hasara ni kubwa zaidi: mabamba ya chuma cha pua yanayopokea shaba hutobolewa vishimo vidogo, shaba huingia mle na kung'ang'ania, na kuibandua kunakuwa vita. Ikizidi mno, anodi za risasi zinaliwa na harufu ya klorini inaanza kupanda juu ya mabeseni, ambako watu wanapumua.

Tazama uwiano wenyewe. Miligramu 25 za kloridi zimelala pembeni ya miligramu 40,000 za shaba: uzito mmoja wa kloridi kwa uzito 1,600 wa shaba. Anayetaka kujua kama zimefika 25 au 45 atazihesabuje?

Je, wajua kwamba njia tatu mashuhuri za vitabuni zote hukwama katika maji haya?

Jina la kazi yenyewe ni titresheni. Unadondosha dawa ya nguvu inayojulikana, tone kwa tone, ndani ya maji usiyoyajua, mpaka kile unachokitafuta kiishe. Kisha unasoma kwenye bureti umetumia mililita ngapi. Kwa kloridi dawa ni nitrati ya fedha: fedha hukamatana na kloridi na kuwa mashapo meupe yanayozama. Tabu yote iko mahali pamoja tu, kujua sekunde ile kloridi ya mwisho ilipokamatwa.

Mwaka 1856 Mjerumani Karl Friedrich Mohr, mtu wa famasia, alitia humo kromati ya potasiamu, ambayo ni njano. Kloridi ikiisha, fedha huigeukia kromati na maji hushika wekundu wa matofali. Ni njia nzuri mno kwa maji meupe ya bomba. Katika maji ya tindikali kromati hubadilika kuwa kitu kingine na wekundu haujitokezi. Jacob Volhard, mwaka 1874, alitengeneza njia inayostahimili tindikali: unazidisha fedha kwa makusudi, kisha unarudi nyuma kwa thiosianati hadi chembe za chuma zigeuke nyekundu. Kazimierz Fajans naye, mwaka 1923, alitumia rangi inayojibandika juu ya mashapo yenyewe na kugeuka pale fedha inapozidi.

Wote watatu wanamwambia mpimaji: tazama rangi. Na Katanga ni nchi ya maji yenye rangi zake tayari. Shaba ni bluu, kobalti ni waridi, nikeli ni kijani, chuma ni kahawia. Njano ndani ya bluu inakuwa kijani, nyekundu ndani ya bluu inakuwa giza, na wapimaji wawili waliosimama mbele ya chupa moja watatoa majibu mawili, kila mmoja akiwa na uhakika. Siwalaumu. Jicho halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba titresheni ya kwanza kusomwa kwa volti ilikuwa ya halaidi?

Kloridi ina ndugu: floridi, bromidi na iodidi. Kwa pamoja huitwa halaidi. Mwaka 1893 mkemia Robert Behrend, akifanya kazi Leipzig katika maabara ya Wilhelm Ostwald, alidondosha kloridi, bromidi na iodidi ya potasiamu ndani ya myeyusho wa nitrati ya zebaki, huku akiangalia volti ya elektrodi ya zebaki iliyozama humo. Hakungoja rangi. Volti ilisogea polepole, ikaruka ghafla, kisha ikatulia upande wa pili. Mruko ule ndio uliokuwa mwisho wa titresheni.

Sababu ya mruko ilikuwa imekwisha kuelezwa miaka minne kabla na Walther Nernst, mwaka 1889, huko huko Leipzig. Waya wa fedha ukizamishwa majini, volti yake hufuata kiasi cha ioni za fedha zilizo huru karibu nao, na huzifuata kwa makumi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ioni hizo zikiongezeka mara kumi, volti hupanda milivolti 59. Zikiongezeka mara kumi tena, hupanda 59 nyingine. Sisi tulio mita 1,200 hivi juu ya bahari tukumbuke baridi ya Juni na Julai. Asubuhi ya nyuzi 15 hatua hiyo ni milivolti 57 tu, na mita isiyoambiwa joto la maabara itatafsiri volti vibaya.

Hapa ndipo pana uzuri ambao ningependa kila mwanafunzi wa kemia aushike vizuri. Waya unaisikia fedha, wala hauisikii kloridi moja kwa moja. Lakini maadamu kloridi ipo, inaikamata kila ioni ya fedha inayoingia, na fedha huru inabaki chache mno. Unadondosha, volti inasogea kidogo tu. Unadondosha tena, kidogo tu. Siku ya kloridi inapokwisha, tone linalofuata halina wa kulikamata. Fedha huru inaongezeka mara kumi, mara mia, kwa tone moja au mawili, na volti inaruka. Kadiri maji yalivyokuwa na kloridi nyingi, ndivyo mruko unavyokuwa mkali. Na bluu? Waya hauna habari na bluu. Maji yawe ya rangi yoyote, yawe na tope, yawe na tindikali ya kutoboa nguo, hesabu ya fedha ni ile ile.

Wala haihitaji utajiri. Mita ya pH iliyogeuzwa upande wa milivolti inatosha, pamoja na waya wa fedha safi, elektrodi ya kulinganishia, bureti na daftari. Unaandika milivolti kila baada ya sehemu ya kumi ya mililita, kisha unatafuta ni wapi tofauti kati ya namba mbili zinazofuatana ilikuwa kubwa kuliko zote. Mashine za kisasa hufanya hivyo hivyo zenyewe, kwa haraka. Mililita 50 za maji ya beseni yenye miligramu 25 kwa lita zina miligramu 1.25 za kloridi, na nitrati ya fedha ya moli 0.01 kwa lita itatumika mililita 3.5. Kwa kiasi kidogo namna hii mruko huwa mlegevu, kwa kuwa kloridi ya fedha nayo huyeyuka kidogo majini. Dawa yake ni kuongeza asetoni au alkoholi, au kupoza chupa kwa barafu: uyeyukaji unapungua na mruko unanyooka.

Je, wajua kwamba elektrodi yenyewe inaweza kuleta kloridi nyingi kuliko iliyomo ndani ya chupa?

Volti hupimwa kati ya vitu viwili, kwa hiyo waya wa fedha unahitaji mwenzake asiyebadilika. Elektrodi ya kulinganishia inayopatikana katika maabara nyingi imejazwa kloridi ya potasiamu iliyokolea hadi mwisho, karibu gramu 150 za kloridi kwa lita, na imeundwa ili ivuje polepole. Ikivuja sehemu ya mia moja tu ya mililita, imeingiza miligramu 1.5 za kloridi. Chupa yetu ya juu ilikuwa na 1.25. Mpimaji atakuwa amepima elektrodi yake, na kiwanda kitaambiwa kina kloridi maradufu.

Ndiyo maana katika maji ya tindikali ya salfuri hutumika elektrodi ya zebaki na salfati ya zebaki, isiyo na kloridi hata chembe, au elektrodi yenye chumba cha pili kilichojazwa nitrati ya potasiamu. Kati ya makosa yote ya kipimo hiki, hili ndilo ninaloliona hatari kuliko mengine, kwa sababu namba inayotoka haina dalili yoyote ya ugonjwa: mruko unakuwa mzuri, mchoro unanyooka, na jibu ni la uongo.

Je, wajua kwamba bureti moja inaweza kuhesabu halaidi tatu kwa zamu?

Lita moja ya maji safi kwenye nyuzi 25 huyeyusha miligramu 1.9 hivi za kloridi ya fedha. Bromidi ya fedha huyeyuka miligramu 0.14 tu. Iodidi ya fedha, miligramu 0.002. Kwa hiyo ukidondosha fedha ndani ya mchanganyiko wa zote tatu, kila mmoja ana nafasi yake, kama wazee wanavyonawishwa mikono kwanza: iodidi inahudumiwa mpaka iishe, volti inaruka, inafuata bromidi, mruko wa pili, kloridi inakuja mwisho. Mchoro unatoka na ngazi tatu.

Kwa iodidi mambo ni safi. Bromidi na kloridi zimekaribiana mno, na mashapo ya moja humeza kidogo ya nyingine, hivyo ngazi ya bromidi hupenda kutoka kubwa kuliko haki yake. Kutia nitrati ya bariamu hupunguza tatizo bila kulimaliza. Na kama bromidi ni chache sana pembeni ya kloridi, ngazi yake haionekani kabisa, inafunikwa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa maji ya bahari. Katika kilo moja ya maji ya Bahari ya Hindi pwani ya Zanzibar au Mombasa mna karibu gramu 19 za kloridi na kama miligramu 67 tu za bromidi. Wanabahari walikubali kuzihesabu pamoja. Mwaka 1940 walifikia hatua ya kueleza ukloridi wa bahari kwa uzito wa fedha: ni gramu ngapi za fedha safi zinazohitajika kuzikamata halaidi zote zilizomo katika kilo 0.3285234 za maji ya bahari. Kwa miaka mingi chumvi ya bahari zote za dunia ilipimwa kwa mizani ya fedha.

Je, wajua kwamba huenda pasingekuwa na shaba hapa kama pasingekuwa na chumvi?

Miamba ya Katanga yenye shaba ilianza kama mashapo ya bahari na vidimbwi vilivyokauka, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Humo mlikuwa na matabaka ya chumvi. Maji yaliyopita katika matabaka hayo yalikolea kloridi, na maji ya namna hiyo yana uwezo ambao maji matamu hayana: kloridi huishika shaba na kuibeba ikiwa imeyeyuka, umbali mrefu, hadi ilipokutana na miamba yenye kaboni au salfaidi na kushushwa. Wanajiolojia wameyakuta mabaki ya maji hayo ya chumvi kali, matone madogo sana yaliyonaswa ndani ya fuwele za kwatzi tangu wakati ule.

Uwiano wa kloridi kwa bromidi ndani ya matone hayo unasema yalikotoka. Baharini uzito wa kloridi ni kama mara 290 ya uzito wa bromidi. Bahari inapokauka, chumvi inayoganda huikataa bromidi, nayo inabaki katika maji ya mwisho. Basi maji yenye bromidi nyingi kwa kulinganisha ni masalia ya bahari iliyokauka, na yenye bromidi chache mno ni maji yaliyokuja baadaye kuyeyusha chumvi iliyokwisha ganda. Kwa matone madogo namna ile bureti haifai, hutumika kromatografia ya ioni. Kwa chemchemi ya chumvi inayojaza ndoo, fedha inatoa jumla ya halaidi vizuri kabisa, na bromidi inatafutwa kwa njia nyingine.

Chemchemi zenyewe tunazo. Mwashya, katika bonde la Lufira, watu walichemsha chumvi kwa vizazi vingi kabla ya kampuni yoyote ya madini kufika, na chumvi hiyo ilisafiri sokoni pamoja na misalaba ya shaba. Msiri, mfalme wa Bayeke aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, aliisimamia biashara ya vyote viwili. Wanajiolojia waliokuja baadaye wakalichukua jina la Mwashya kuita kundi zima la miamba ya Katanga. Mwanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi analitamka bila kukumbuka wapika chumvi, na nadhani ni haki yao wakumbukwe.

Je, wajua kwamba inawezekana kupima bila bureti na bila dawa?

Badala ya kudondosha nitrati ya fedha, unaweza kuizalisha fedha palepale ndani ya chupa. Unapitisha umeme katika anodi ya fedha, anodi inatoa ioni za fedha, nazo zinakamata kloridi. Elektrodi nyingine inalinda, ikitoa ishara pindi fedha huru inapoonekana, na saa inasimama. Jibu linasomwa kwa sekunde. Jina lake ni kulometria, na titresheni za aina hii zilianzishwa na Wahungaria László Szebellédy na Zoltán Somogyi mwaka 1938.

Hesabu yake inatoka kwa Michael Faraday, aliyeonyesha katika miaka ya 1830 kwamba umeme na mada hubadilishana kwa kiwango kisichobadilika. Moli moja ya kloridi inataka kulomu 96,485. Kwa hiyo miligramu moja inataka kulomu 2.72, na kwa mkondo wa miliampea 10 hizo ni sekunde 272. Chupa yetu ya miligramu 1.25 itamalizika katika sekunde 340. Hakuna dawa ya kutayarisha, hakuna dawa ya kuharibika kwa mwanga, hakuna bureti ya kuvunjika. Kwa maabara iliyo mbali na duka la kemikali hilo si jambo dogo.

Uhusiano wa fedha na umeme ulikuwa wa karibu hivi kwamba mwaka ule ule wa Behrend, 1893, mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Chicago uliieleza ampea yenyewe kwa fedha: ni mkondo unaobandika miligramu 1.118 za fedha kila sekunde kutoka katika nitrati ya fedha. Maelezo hayo yalidumu hadi 1948. Kwa sheria hiyo hiyo, ampea moja kwa saa moja inabandika gramu 1.19 za shaba kwenye kathodi ya Shituru au ya Ruashi. Ukumbi wa mabeseni na chupa ya maabara vinaendeshwa na sheria moja ya Faraday, kimoja kwa maelfu ya ampea, kingine kwa sehemu za elfu za ampea.

Hospitali nazo zilifaidika. Mwaka 1953 daktari Paul di Sant'Agnese wa New York alieleza kwamba watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito hutoka jasho la chumvi kupita kiasi. Kupima kloridi katika matone machache ya jasho la mtoto kulitaka kifaa chepesi na sahihi, na mwaka 1958 Ernest Cotlove na wenzake walichapisha kifaa cha kulometria chenye anodi ya fedha. Mpaka leo jasho lenye milimoli 60 za kloridi kwa lita au zaidi ni dalili kubwa ya ugonjwa huo.

Je, wajua kwamba fedha haiioni floridi?

Kloridi ya fedha hugoma kuyeyuka, lakini floridi ya fedha huyeyuka zaidi ya kilo moja katika lita moja ya maji. Hakuna mashapo, hakuna mruko. Floridi ilibaki ngumu kupimwa hadi 1966, pale Martin Frant na James Ross walipotangaza elektrodi iliyotengenezwa kwa fuwele ya floridi ya lanthanamu. Fuwele hiyo hupitisha ioni za floridi peke yake. Ukiizamisha na kudondosha nitrati ya lanthanamu, unapata titresheni ya floridi. Watu wengi husoma volti moja kwa moja bila kudondosha chochote.

Katika Katanga floridi ni adui wa zinki zaidi kuliko wa shaba. Zinki ya Kipushi ilipofanyiwa kazi ya umeme Kolwezi, ilibandikwa juu ya kathodi za alumini, na alumini hulindwa na utando wake mwembamba wa oksidi. Floridi huula utando huo, kisha zinki hushikamana na alumini na kukataa kubanduka. Upande wa mashariki, kuzunguka Arusha, floridi ni suala la meno na mifupa ya watu: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, visima vingi vya Bonde la Ufa hukivuka, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Je, wajua kwamba muhogo unaweza kudanganya waya wa fedha?

Chumvi ya mezani yenye madini joto mara nyingi haina iodidi bali iodati, inayostahimili unyevu na jua la sokoni. Kuipima, unatia iodidi ya potasiamu na tindikali. Kila iodati moja huzaa molekuli tatu za iodini, yaani atomi sita za iodini mahali palipokuwa na moja. Iodini hiyo inahesabiwa kwa thiosalfati, kwa wanga unaogeuka bluu nyeusi au kwa elektrodi ya platini. Kemia inakuza kitu kidogo mara sita kabla hata hujakihesabu. Kiwango kilichopendekezwa kwa miaka mingi kilikuwa miligramu 20 hadi 40 za iodini kwa kilo ya chumvi.

Nchi yetu ilijua mapema gharama ya kuikosa iodini. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960, akiwemo daktari Mbelgiji François Delange, waliona rovu zimejaa kaskazini na ni chache kusini magharibi, ingawa pande zote mbili zilikula iodini chache sawa. Tofauti ilikuwa muhogo. Sianidi ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuzwa na mwili kuwa thiosianati, na thiosianati huizuia tezi kuchukua iodini. Kwa mpimaji ni jambo la kushika: thiosianati nayo hukamatana na fedha, na huzama karibu sawa na bromidi. Mkojo wa mtu anayekula bukari wa muhogo kila siku, ukipimwa kwa waya wa fedha bila uangalifu, utaonyesha "bromidi" ambayo hakuila.

Je, wajua kwamba kloridi inaweza kukuambia choo cha jirani kimefika kisimani kwako?

Mtu mmoja hutoa mwilini karibu gramu 6 za kloridi kwa siku, nyingi kwa mkojo. Udongo hauizuii, vijidudu haviili, mimea huipunguza kidogo tu. Inashuka na maji hadi inakokwenda. Maji ya chini ya Lubumbashi yanatoka katika miamba ya dolomia: yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na kwa asili yake kloridi ni chache. Kisima cha kiwanjani chenye kloridi nyingi kuliko vya jirani kinauliza swali moja tu: imetoka wapi? Kikomo cha miligramu 250 kwa lita kilichowekwa kimataifa ni cha ladha, si cha sumu, na kisima kinaweza kuwa kimechafuliwa vibaya kikiwa mbali kabisa na 250. Kinachosema ni tofauti, siyo kikomo.

Kwa maji meupe njia ya Mohr inatosha, na shule yenye chupa ya nitrati ya fedha inaweza kuifanya. Visima vyetu vingi hutoa maji yenye wekundu wa udongo, hasa baada ya mvua, na hapo waya unarudi kuwa bora kuliko jicho. Sampuli ichukuliwe kabla ya kutia javel, kwa sababu klorini ya javel, ikishaua vijidudu, huishia kuwa kloridi na kuongezwa katika hesabu. Ichukuliwe mara mbili, mwishoni mwa kiangazi mwezi wa Oktoba na tena mvua zinapokolea Januari, pamoja na visima viwili au vitatu vya barabara hiyo hiyo, na nitrati ipimwe kando yake. Kisima kinachopanda peke yake huku vya jirani vikibaki palepale ndicho cha kupelekwa kwanza kwenye kipimo cha vijidudu, na maji yake yachemshwe hata kabla jibu halijarudi.